Kichwa Kwenye Namba Sifuri

Ukimwambia mtu umewahi kufanya kazi nyuma ya jukwaa kwenye tamasha la K-pop, ule muziki wa pop wa Korea Kusini, macho yanamtoka. Anadhani ulikuwa unakunywa kahawa na mastaa na kuwafuta jasho. Ndugu yangu, nyuma ya jukwaa kuna nyaya. Nyaya, masanduku meusi yenye magurudumu, watu waliovaa nguo nyeusi wakikimbia, na mzee mmoja anayekupigia kelele "palli palli!", yaani haraka haraka, kila ukisimama kupumua. Staa mwenyewe unamsikia kama mvua inayonyesha mtaa wa pili.

Mimi niliingia huko kwa mlango wa mchele. Nilikuwa Seoul kwa ufadhili wa serikali yao, ule unaoanza na mwaka mzima wa lugha kabla hujagusa shahada yenyewe, na nilikuwa shabiki wa kundi moja ambalo silitaji, maana mashabiki wake nawajua, na mimi nimo. Wenzetu wana utaratibu wao: msanii akiwa na tamasha, mashabiki hawampelekei maua matupu, wanampelekea na mchele. Zinapangwa stendi ndefu mlangoni mwa ukumbi, zina riboni, maua na picha ya msanii, kila kundi la mashabiki na stendi yake. Tamasha likiisha, mchele unakwenda kwa wazee na watoto wasiojiweza. Jambo zuri kabisa. Ila mchele ni mchele. Mfuko una kilo 20, na lazima apatikane wa kuubeba. Sasa akijitokeza msichana wa Kisukuma, mrefu, ana mabega, tena anasema anajitolea bure, nani atamwacha?

Nilimtumia mama picha ya stendi yetu. Riboni nyeupe na zambarau, maua pande zote, katikati kijana anatabasamu. Akapiga simu hapo hapo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Pole sana mwanangu."

"Pole ya nini tena?"

"Kijana mdogo namna ile! Aliugua?"

Nikamweleza hajafa, ni mwimbaji, yu mzima wa afya na jioni anacheza. Mama akanyamaza, nadhani alikuwa anairudia picha. "Sasa mbona mmemwekea mashada?" Nikasema si mashada matupu mama, kuna na mchele, na mimi ndiye niliyeubeba kutoka kwenye gari. Hapo ndipo moto ulipowaka. "Nimeuza ng'ombe upate pasipoti na masweta, ukabebe mchele? Mchele si ungebeba hapa hapa Mwanza, jioni unarudi kulala kwenu?"

Kiongozi wetu alikuwa dada mmoja mtu mzima, mhasibu, mpole, lakini ushabiki ulikuwa damuni. Alianza miaka ya 1990 akipunga puto jeupe la kundi la H.O.T. Wakati huo hakukuwa na hizi tochi za siku hizi unazounganisha na simu na namba ya kiti chako, halafu mafundi wanazibadilisha rangi ukumbi mzima kwa mpigo mmoja. Yalikuwa maputo na makoti ya mvua ya plastiki, na kila kundi na rangi yake. Mpaka leo dada yule akiona puto la njano anakunja uso, kwa sababu njano ilikuwa ya kundi la Sechs Kies, mahasimu wao. Mtoto wa mpwa wake alifanyiwa sherehe ya kuzaliwa yenye maputo ya njano, akasimama uani mpaka keki ikakatwa.

Seoul ina kumbi kubwa na maarufu. Kuna KSPO Dome, iliyojengwa kwa ajili ya mazoezi ya viungo ya Olimpiki ya 1988, inaingiza watu kama 15,000, na ni ndoto ya kila kundi linalochipukia. Kuna Gocheok Sky Dome, iliyojengwa kwa ajili ya besiboli. Ukumbi wa siku ile sitautaja, kwa kuwa lifti nitakayoisimulia ina wenyewe.

Mchana tulikuwa tunaweka mabango madogo ya karatasi kwenye viti. Kazi yake ni kwamba wimbo fulani ukifika, ukumbi mzima unayainua kwa pamoja, mastaa wanalia, mashabiki wanalia, kila mtu anaridhika. Akapita fundi wa taa mwenye simu ya upepo kiunoni. Akanitazama kuanzia viatu mpaka rasta, akauliza kama nina urefu wa sentimita 180.

Nikamwambia ndiyo. Moyo ukaanza kwenda mbio, kwa sababu namba hiyo naijua. Ndiyo urefu wa kipenzi changu katika kundi. Namba yangu ya NIDA mpaka leo sijaishika, lakini urefu wa yule kijana, kundi lake la damu na jina la mbwa wake ningeweza kukutajia usingizini.

Kumbe kabla mastaa hawajafika, mafundi hujaribu taa na kamera kwa kusimamisha watu wa kawaida wenye urefu unaolingana nao. Siku ile walipungukiwa mtu mmoja, mrefu kuliko wote. Wakanivika kofia iliyobandikwa karatasi yenye jina la kipenzi changu kwa herufi kubwa. Dada kiongozi alinitazama nikiondoka kama bibi harusi, akabaki kakumbatia rundo la mabango, midomo inamtetemeka kwa wivu.

Ukingo wa jukwaa una tepu zenye namba. Sifuri iko katikati, na namba zinapanda kwenda kulia na kushoto, ili kila mchezaji ajue nafasi yake hata akiwa gizani. Mimi nilipewa sifuri. Ila sikupelekwa juu, nilipelekwa chini ya jukwaa, penye kiza na harufu ya grisi. Kulikuwa na kibao cha chuma kinachotosha miguu miwili, na juu yake tundu la mraba kwenye sakafu, limetosha mtu mmoja aliyejibana. Msanii anasimama hapo, muziki unalipuka, anachomoza katikati ya moshi na watu wanazimia. Fundi wa pale chini, baba mmoja wa makamo, akanipa masharti: mikono ibane mbavuni, usitoe kiwiko, usisogee. Ukitoa kiwiko kitabaki.

Nikabana. Lifti ikanguruma, nikaanza kupanda. Kichwa kikatoka, shingo ikatoka, mabega yakachungulia. Halafu ikasema "kraa" na kusimama.

Nikangoja. Chini kule mikono ya watu wawili ikanikamata miguu, mkono mmoja kila muundi. Baba fundi akapaza sauti nisitikisike hata kidogo, mtambo umejizima wenyewe kwa usalama, na mtu yeyote asiniguse kutoka juu mpaka umeme ukatwe, kwa sababu ukiamka ghafla hujui utakwenda upande gani. Nikamwitikia kwa adabu zote. Kitabu changu cha Kikorea kilikuwa kimenifundisha kuulizia posta, kununua matofaa na kueleza mambo ninayopenda kufanya wikendi. Sentensi ya mtu aliyeota sakafuni hakikuwa nayo.

Wakati huo huo, mlango wa mbele ukafunguliwa.

Kuna tiketi za bei mbaya zinazomruhusu shabiki kuingia mapema na kutazama wasanii wakipima sauti. Hao ndio waliokuwa wanaingia, mamia, wakikimbia kwa ule mwendo wa mtu aliyekatazwa kukimbia. Walinzi wa mlangoni walikuwa na ratiba yao, ratiba ilisema saa hiyo mlango ufunguliwe, na ratiba Korea haina shemeji. Wakafika mbele ya jukwaa. Wakakikuta kichwa.

Kichwa chenyewe kimesukwa rasta, kimevaa kofia, kinapepesa macho, na juu ya macho limeandikwa jina la mwanamume wanayempenda kuliko baba zao.

Ukumbi ukanyamaza. Wakongwe walikuwa wamenisimulia lile Dream Concert la 2008, tamasha la makundi mengi, pale uwanja wa Jamsil, mashabiki wa makundi mengine walipozima taa zao zote wakati kundi la Girls' Generation liko jukwaani, wakawaachia giza tupu na kimya. Nikajisemea basi, na mimi yamenifika, tena mimi sijaimba hata.

Msichana mmoja wa mstari wa mbele akainamisha kichwa upande mmoja, akasoma kofia, akanitazama, akasoma tena. Kisha akamwambia mwenzake, polepole kabisa, na mimi nikasikia: "Amebadilika."

Kilichofuata ni kicheko kilichoanzia mbele kikapanda mpaka nyuma. Halafu, kwa kuwa mashabiki wa K-pop hawawezi kuona jina wakaliacha hivi hivi, wakaanza kulipiga kwa mpangilio, kama wanavyofanya nyimbo zinapoanza: jina zima, mapigo matatu, jina zima. Mamia ya watu wananipigia kelele za kunishangilia, na mimi mikono imebanwa sakafuni, siwezi hata kupunga. Nikawa natikisa kichwa kwa mdundo. Wakazidi. Kule chini baba fundi ananigonga goti: "Usisogee!" Ndipo nilipoelewa kwamba nimegawanyika. Nusu ya juu ilikuwa staa, nusu ya chini ilikuwa chini ya ulinzi.

Mastaa nao wakatoka, maana saa yao ilikuwa imefika. Nilikuwa nimeiwazia siku ya kukutana nao kwa muda mrefu, na katika ndoto zangu zote nilikuwa na kiwiliwili. Nikaona viatu. Jozi baada ya jozi vikapita, vyeupe, vyeusi, kimoja kimekanyaga ubuyu wa pakiti, sijui ulitoka wapi. Mwalimu wao wa kucheza akawaambia wanizunguke. Wakaimba wimbo mzima wakinizunguka, kila mmoja akifika kwangu anaruka kando, na kila akitua meno yangu yanagongana. Sura zao sikuziona. Nikiinua macho taa inanipofua, nikiyateremsha ni soli. Dada kiongozi, aliyekuwa amesimama ngazi za juu kabisa karibu na choo, aliwaona kuliko mimi.

Wimbo ukaisha. Kipenzi changu akaja kusimama kwenye namba yake, yaani hatua moja kutoka puani kwangu. Raba nyeupe, mpya, zinanukia duka. Kamba ya kiatu cha kushoto ilikuwa imefunguka na ncha yake imelala juu ya tepu. Hapo niliona kabisa huyu mtoto wa watu atajikwaa. Nikajikusanya, nikatumia Kikorea cha heshima ya juu kabisa, kile tulichofundishwa kwa ajili ya marais na wakwe: "Samahani mheshimiwa, kamba ya kiatu chako imefunguka."

Akachuchumaa. Uso huu hapa. Sitaueleza, nitaharibu. Akafunga kamba, akanitazama, akacheka, akasema asante sana, kisha akainama mbele yangu kama wanavyoinamiana wao.

Sasa Korea mtu akikuinamia unamwinamia, hilo lilikuwa limeshaniingia mwilini. Kichwa changu kikaenda mbele chenyewe, na kwa kuwa mbele palikuwa na jukwaa, paji la uso likatua juu ya ubao: NGO! Maiki yake aliiacha sakafuni alipokuwa anafunga kamba. Ile ngo ikaingia kwenye maiki, ikatokea kwenye spika zote, ikaenda mpaka ukuta wa mwisho na kurudi.

Na hayo ni ya kichwa. Magoti nayo yalikuwa na malezi yake. Mimi nimekulia Usukumani, na msichana wa kwetu akisalimiwa na mtu wa heshima hapigi "mambo", anashuka magoti. Kule gizani miguu yangu, bila kuniuliza, ikashuka. Baba fundi akapiga ukelele. Mtu mwingine, akidhani ukelele ule ndiyo ishara ya kuwasha, akawasha. Lifti ikaguna, ikateremka.

Kwa hiyo walioko juu walichokiona ni hiki: kichwa kimemwinamia staa, kimegonga sakafu, kisha kimezama taratibu, kofia ikiwa ya mwisho. Wakapiga makofi. Walidhani ni sehemu ya onyesho.

Nilikaa chumba cha huduma ya kwanza na barafu kwenye nundu, nikapewa mkate wa maziwa na soda. Tamasha lenyewe nililisikiliza kupitia ukutani. Ilipofika ile saa ya mabango nilijua, kwa sababu kelele ziligeuka kuwa kilio, na mimi nilikuwa nimeyaweka yale ya safu nzima ya kushoto kwa mikono yangu. Dada kiongozi akaja kunichukua, akakaa kitandani, akanishika mkono.

"Anafananaje kwa karibu?"

"Anavaa viatu vikubwa."

Akafikiri, kisha akatoa daftari, akaandika.

Kupiga picha wakati wa kupima sauti ni marufuku, na nikamshukuru Mungu. Nilisahau kwamba wale watu wanajua kuchora. Wiki chache baadaye tulikuwa kwenye mkahawa mmoja ambako mashabiki wanakutana kubadilishana kadi za picha, na binti mmoja alikuwa amepanga mezani stika za kuchora kwa mkono. Moja ilikuwa ya sakafu nyeupe, namba sifuri, na kichwa chenye rasta kimetoka katikati na nundu inayong'aa nyota. Nikamuuliza ile anaitoaje. Akasema hiyo ni adimu, imebaki moja, anataka kadi mbili za mwimbaji mkuu. Nikamsihi anipunguzie. Akakataa katakata, akaniambia wengi wanaitafuta.

Nikatoa kadi mbili. Hakunitambua. Nadhani ni kwa sababu safari hii nilikuwa na miguu.