Uwanja Mpya Dodoma: Nani Ataanzisha Wimbo?

Tangu mwaka 2016, Mfalme Mohammed VI wa Morocco alipoahidi kuijengea Dodoma uwanja wa kisasa, mazungumzo ya uwanja mpya hapa mjini huishia pale pale: utabeba watu wangapi, utaezekwa wote au jukwaa kuu tu, magari yataegeshwa wapi. Ni maswali ya haki, hasa sasa ambapo AFCON 2027, yaani Kombe la Mataifa ya Afrika, inakuja kwetu, Kenya na Uganda. Mimi nina swali jingine, na linaninyima raha: tukishahamia huko, nani ataanzisha wimbo, na atakuwa amekaa wapi?

Uwanja wa Jamhuri tunaoutumia sasa una kasoro zake na sizifichi. Upepo wa Septemba ukivuma unakula vumbi na mpira pamoja. Lakini uko katikati ya mji, na waliouzoea wanajuana. Kuna wazee wana sehemu yao, kuna vijana wa ngoma wana yao, na hakuna aliyewapangia. Mshika kibendera akinyanyua mkono pasipostahili anaambiwa hapo hapo, na anasikia kila neno. Timu yetu, Dodoma Jiji, ikipata kona dakika za mwisho, ngoma moja ikianza upande mmoja, upande wa pili unaidaka kabla mpigaji hajautega mpira. Ukaribu huo ndio ninaouogopea.

Tuliyaona Dar es Salaam. Mwaka 2007 watu walitoka Shamba la Bibi, yaani Uwanja wa Uhuru, wakavuka tu upande wa pili na kuingia uwanja wa viti 60,000 ambao leo unaitwa Benjamin Mkapa. Ni uwanja mzuri, lakini njia ya kukimbilia wanariadha ilimsogeza shabiki mbali na mstari, na timu ndogo zikikutana pale unasikia makocha wakifoka. Ilichukua miaka hadi mashabiki wa Simba wakaufanya uogopwe na wageni kwa ile kauli yao ya "Kwa Mkapa hatoki mtu". Huko London nako, West Ham walipohama Upton Park mwaka 2016 na kuingia uwanja uliojengwa kwa ajili ya Olimpiki, manung'uniko yalikuwa hayo hayo: wako mbali, na waliozoea kukaa pamoja wametawanywa.

Sisi tuna jambo la ziada. Mji huu umejaa watu waliokuja na kazi za serikali, na wengi wamekuja na Simba yao au Yanga yao. Sina ugomvi nao, ni majirani zangu. Ila matokeo yake ni kwamba wakija wakubwa hao wawili Jamhuri inafurika, na wiki inayofuata, akija mgeni asiye na jina, viti vinaonekana. Tangu Julai 2024 treni ya SGR, ile reli ya kisasa kutoka Dar, inafika hapa, kwa hiyo shabiki wa Dar anaweza kuja kwa maelfu bila kuhangaika na basi. Tusipojipanga, tutakuwa wageni kwenye uwanja wetu wenyewe.

Ninachokitaka hakina gharama kubwa. Mechi isiyo na watu wengi, lifunguliwe jukwaa moja nyuma ya goli, kiingilio kiwe cha chini kabisa, wote wakae humo. Watu elfu tatu waliobanana wanapiga kelele; elfu tatu hao hao ukiwamwaga kwenye viti elfu thelathini, kila mmoja anaona haya kuimba peke yake.

Na ngoma ziruhusiwe getini. Hapa nazungumzia muheme hasa. Mama wa Kigogo anaibana ngoma yake katikati ya mapaja, anaipiga kwa viganja huku akicheza, na wakiwa kumi unaisikia kifuani kabla ya masikioni. Hakuna timu nyingine ya ligi yenye kitu hicho. Mbona tunahangaika na vuvuzela na spika za matangazo? Waalikwe akina mama wa Bahi na Chamwino, walipwe nauli na posho, wapewe safu za mbele za jukwaa hilo, na vijana wajifunze kuitikia. Waanze msimu huu huu, pale Jamhuri, kwenye mechi ambazo hazijazi, ili siku ya kuhama tuhame na kundi lililokwisha kuzoeana.