Hodi Moja Inatosha

Ninaishi Unguja, na seva ninayoitunza iko katika chumba kidogo Chake Chake, Pemba. Nikitaka kuigusa kwa mkono sina budi kupanda boti Malindi mpaka Mkoani, kisha nitafute gari. Kwa hiyo karibu kila kitu nakifanya kwa SSH, yaani njia salama ya kuiamuru kompyuta ya mbali kupitia mtandao, na kazi za usiku nimeziachia skripti, yaani mafaili ya amri zinazotekelezwa mstari kwa mstari. Nimesoma skripti nyingi za wenzangu, na zangu za zamani zikiwemo, ambazo kila mstari unaanza na neno ssh. Kwa maoni yangu huo ni uandishi mbaya, na sababu yangu kubwa si uzito wa mtandao.

Kila ssh ni hodi mpya. SSH ilibuniwa Finland mwaka 1995 na Tatu Ylönen, baada ya nywila kunaswa zikiwa njiani katika mtandao wa chuo chake, na kwa hiyo kila anayebisha hukaguliwa upya: kompyuta mbili zinapatana funguo, mgeni anathibitishwa, shelli, yaani programu inayosoma amri, inazaliwa, amri inatekelezwa, kisha shelli hiyo inakufa pamoja na yote iliyokuwa ikiyajua, yaani saraka uliyoingia na vigeu ulivyovipa thamani.

Mimi niliyajua haya kwa kuadhirika. Mstari mmoja wa skripti yangu ulikuwa ssh chake 'cd /srv/nakala', na uliofuata ssh chake 'rm -f *.sql.gz' (chake ni jina la seva, cd huingia katika saraka, na rm hufuta mafaili). Wa kwanza uliingia katika saraka ya nakala, ukatoka, ukafunga mlango; wa pili ukaanzia saraka ya nyumbani, ambako mwenzangu alikuwa ameweka nakala ya hifadhidata kabla ya kubadilisha toleo. Hapakutokea ujumbe wowote wa kosa, kwa kuwa kompyuta ilifanya hasa ilichoambiwa. Nilipompigia simu asubuhi alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi sheikh, tushukuru ninayo nyingine kwenye flashi."

Siku hizi naandika hivi:

ssh chake 'bash -s' <<'MWISHO'
set -e
cd /srv/nakala
rm -f *.sql.gz
MWISHO

Amri zote zinasafiri katika kikao kimoja na kusomwa na shelli moja, bash, na cd ikishindwa, set -e inasimamisha kazi kabla rm haijafikiwa. Neno MWISHO ni alama tu. Wengi huandika EOF kwa mazoea, lakini sioni kwa nini skripti ya Chake Chake isimalizikie Kiswahili.

Alama za kunukuu zinazolizunguka neno hilo pale juu ndizo ninazozigombania zaidi. Ukiziacha, shelli ya kwako inafasiri kila $ kabla ya kutuma chochote, na $HOSTNAME inafika Pemba ikiwa tayari ni jina la kompyuta ya Unguja. Wapo wanaoziacha makusudi ili wapeleke tarehe au jina la faili kutoka upande wao. Mimi napeleka thamani hiyo baada ya bash -s --, nayo inapokelewa kule kama $1, ila isiwe na nafasi ndani yake, maana shelli ya kule itaigawa vipande.

Tahadhari nyingine ni amri zinazosoma ingizo, kama vile ssh nyingine ndani ya kikao: hizo humeza mistari iliyobaki ya skripti, nawe ukadhani kazi imekwisha. Zipe ingizo tupu: </dev/null.

Nimewahi kujibiwa kwamba ControlMaster, mpangilio wa OpenSSH (programu ya SSH inayotumika sana), imeumaliza ubishi huu, kwa kuwa inaruhusu miito mingi kupita katika muunganisho mmoja. Ni kweli inaokoa muda wa ukaguzi, nami nimeiwasha kwa ajili ya kupeleka mafaili. Lakini kila amri ndani yake bado inapewa shelli yake, na cd ya mwanzo ingesahauliwa vilevile kama usiku ule, tofauti ikiwa ni kwamba nakala ya mwenzangu ingefutika upesi zaidi.