Shemeji, Toa Pete!

Ukitafuta dhahabu jangwani kwa detekta, mashine inayolia ikipita juu ya metali, chuma cha kwanza kugunduliwa ni kile alichovaa mwenye detekta. Buti zenye kofia ya chuma vidoleni, vitundu vya chuma vya kupitishia kamba, kifungo cha mkanda, funguo, kisu, saa, vyote hupiga kelele kabla dhahabu haijafungua mdomo. Ndiyo maana nilimwandikia shemeji kwa herufi kubwa: NJOO BILA CHUMA. Akaja na buti za kiwandani, mkanda wenye kifungo cha shaba cha ukubwa wa kiganja, na gunia tupu begani.

"Gunia la nini, shemeji?"

"La kubebea."

Kumbe alikuwa amesoma habari za Hand of Faith, lile bonge la dhahabu la zaidi ya kilo 27 lililopatikana kwa detekta katika jimbo la Victoria, Australia, mwaka 1980. Ni kweli lilipatikana, na wala halikuwa mbali chini. Sikuona haja ya kumwambia mapema kwamba dhahabu nyingi inayookotwa kwa mashine hizi hupimwa kwa pointi za gramu, na kwamba kichupa kidogo cha plastiki chenye kifuniko kinatosha na kubaki. Nikamwacha na gunia lake.

Tulianza kwa kumvua. Buti zikaingia garini, akavaa raba zangu za akiba ambazo zilimzidi miguu. Mkanda ukatoka, na suruali ikataka kutoka nao. Nikampa kamba ya katani ajifunge, ila kamba haina adabu ya mkanda, ikawa inalegea kila akipiga hatua kumi. Miguu ya suruali ikaburura, akaikunja mapindo makubwa mawili juu ya raba. Simu tukazizima, maana simu iliyowashwa karibu na koili, ile sahani ya chini inayonusa ardhi, huifanya mashine ibwabwaje ovyo.

"Umetoa kila kitu?"

"Kila kitu, shemeji."

Nikamwona amevaa glavu za kitambaa, nzito, zisizo na chuma. Nikaridhika. Ningejua, ningezivua kwa mikono yangu.

Mashine zilikuwa mbili, na si za aina moja. Ya kwanza hutuma mawimbi mfululizo huku ikisikiliza hapohapo. Za namna hii zilizotengenezwa kwa ajili ya dhahabu hutumia masafa ya juu, yaani mitetemo mingi zaidi kwa sekunde, kwa sababu punje ndogo huitikia vizuri masafa hayo: AT Gold ya Garrett iko kilohezi 18, Gold Monster 1000 ya Minelab iko 45, na Gold Bug 2 ya Fisher iko 71. Uzuri wake ni wepesi, kuona punje ndogo, na kuweza kubagua chuma na metali nyingine. Ubaya wake ni udongo mwekundu wenye chuma kingi na yale mawe meusi mazito: unasikia mlio mtamu, unachimba, unatoa jiwe.

Ya pili ni ya mapigo. Inatuma pigo fupi la umeme, inanyamaza, kisha inasikiliza kilichobaki kikififia ndani ya metali. Udongo wenye chuma haiusumbui sana, na huenda chini zaidi. Lakini kubagua haijui, au inajua kwa kubahatisha. Msumari, kizibo, dhahabu, kwake wote ni wageni waalikwa, na wewe utachimba kila shimo. Ukiniuliza mimi, kama ardhi imetulia na unatafuta punje ndogo, chukua ya mawimbi. Kama ardhi ni nyekundu na imejaa mawe ya chuma, ya mawimbi itakutoa machozi, tafuta ya mapigo hata kama imetumika.

Nilichukua ya mapigo, shemeji nikampa ya mawimbi, yenye kioo kinachokipa namba kila kinacholia. Sharti likawa moja: tusikaribiane. Mashine mbili zikiwa jirani zinaingiliana na zote zinapiga mayowe. Tukaachana hatua zaidi ya hamsini ndani ya korongo kavu, kila mtu na maji yake.

Korongo lenyewe lilikuwa zuri. Dhahabu ina uzito mara 19.3 wa maji, hivyo mafuriko yanapopungua nguvu huwa ya kwanza kuzama na hukwama mahali: upande wa ndani wa kona, nyuma ya mawe makubwa, kwenye nyufa za mwamba ambapo changarawe ni nyembamba. Mchanga mwingi katikati ya korongo unapendeza kwa picha tu. Shemeji nilimweka kwenye kona, penye mwamba unaochungulia.

Nikamwonyesha kusawazisha mashine na ardhi. Unatafuta mahali pasipo na metali, unapandisha koili kama sentimita 15 na kuishusha karibu na udongo, unarudia rudia mpaka sauti isibadilike ikipanda wala ikishuka. Usipofanya hivyo, kila tuta litalia na kila shimo litanyamaza. Kisha usikivu: usiuweke juu kabisa kwa tamaa, uweke pale mashine inapotulia. Kisha ule mvumo mwembamba wa kudumu hedifonini: usiuzime, kwa sababu punje ndogo haipigi mlio, inatikisa mvumo tu.

Akaelewa. Akaanza kupunga koili kama anafyeka majani, mwisho wa kila mpungo sahani imepaa hadi magotini. Nikarudi. "Shemeji, koili ibaki sentimita moja au mbili juu ya ardhi, kushoto mpaka kulia, polepole, na kila mkupuo ulalie nusu ya uliopita. Ukiipaisha pembeni, umechunguza ufa mmoja katikati na pembeni umechunguza hewa."

Saa za kwanza zilikuwa za misumari. Hapo sumaku yenye nguvu iliyobandikwa ubavuni mwa sururu inakuokoa: kwaruza udongo, pitisha sumaku, msumari unajirusha wenyewe. Kisichoshikwa na sumaku na bado kinalia ndicho cha kukupandisha mapigo ya moyo, ingawa mara nyingi huwa ni kichwa cha risasi, karatasi ya alumini, au kile kipete cha kufungulia kopo. Alipotoa kipete cha tatu shemeji alianza kuwasema vibaya wanywaji wa soda wa dunia nzima.

Kisha akapata mlio wa haja. Nikamsikia akiita, nikaja, nikazima yangu, nikasikiliza kwa hedifoni zake. Mlio safi, hauvunjiki, unasikika vilevile ukipita kwa upande mwingine. Sumaku haikutoa kitu. "Chimba," nikamwambia, "halafu gawanya udongo kama nilivyokuonyesha." Nikarudi kwangu.

Kugawanya ndiko kunakompa mtu punje mkononi. Mlio ukishatoka shimoni na kuhamia kwenye rundo, unalaza koili chini, unachota udongo kwa kijiko cha plastiki, si cha chuma, unaupitisha juu ya koili. Usipolia, mwaga. Ukilia, mwaga nusu ya kijiko pembeni, pitisha nusu iliyobaki. Nusu inayolia unaigawa tena, iliyonyamaza unaitupa. Baada ya kugawa mara sita hivi unabaki na vumbi la kuweza kulipuliza, na ndani yake kuna kitu. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, na akiinama asiwe na kifungo cha mkanda.

Jua likapanda. Kimya kwa shemeji. Nikageuka, nikamwona anajaza gunia.

Nikamwendea. Gunia lilikuwa limefika nusu, udongo mtupu. Yeye jasho linamtiririka, macho yanang'aa.

"Shemeji, tumepata mshipa! Nusu ya kwanza imelia. Nusu ya pili imelia. Nimegawa robo, zote zimelia. Nimegawa mpaka imebaki chembe moja ya mchanga. Imelia!"

"Hebu nipitishie."

Akainama. Mkono wa kulia ulishika suruali, maana kamba ilikuwa imeshakata tamaa. Kwa hiyo kijiko kilishikwa na wa kushoto. Akakipitisha juu ya koili: mlio wa kuamsha mtaa. Nikamwambia amwage, apitishe kijiko kitupu. Mlio uleule.

"Kijiko nacho kina dhahabu," akanong'ona.

"Weka kijiko chini. Pitisha mkono."

Koili ikapiga kelele. Akautazama mkono wake kwa heshima ambayo sijaona mtu akiupa mkono. Nikamvuta glavu. Kidole cha pete, pete ya ndoa, dhahabu ya karati 18.

"Si ulisema umetoa kila kitu?"

"Shemeji, dada yako aliniapisha isitoke kidoleni."

Mashine haikuwa na kosa. Ilitafuta dhahabu, ikapata dhahabu, ikaeleza ilipo mara zaidi ya arobaini. Lakini kazi ilikuwa haiwezi kuendelea, ikabidi pete itoke, na kidole kilikuwa kimevimba kwa joto. Tukakipaka mafuta ya kujikinga na jua. Akavuta, nikavuta, tukazungusha. Ikatoka kwa kishindo, ikaruka. Hatukuona ilikotua.

Sijawahi kumwona mtu mzima akipauka haraka namna ile. Nikamwambia asisogee. Akasogea. Akanyakua detekta, akabofya bofya kioo. "Nimezima namba zote za karatasi za alumini na vipete vya makopo," akasema, "sasa italia pete tu." Akaanza kupiga doria, kimya kabisa, akizidi kuwa na matumaini kadiri mashine ilivyozidi kunyamaza.

Hapo ndipo kichujio kinapowaliza wengi. Mashine haioni dhahabu kwa jina. Inaona jinsi kitu kinavyopitisha umeme, pamoja na ukubwa na umbo lake, na pete nyingi za dhahabu huangukia palepale penye karatasi ya alumini na vipete vya makopo. Ukizima takataka hizo umezima na pete. Punje za korongoni ziko humohumo, nyingine zimeshuka hadi karibu na namba za chuma. Ndiyo maana wanaotafuta dhahabu huacha mashine isikie kila kitu na kuvumilia uchafu.

Nikarudisha mpangilio wa kusikia metali zote. Akapitisha koili mbele ya miguu yake. Ikalia. "Hapa!" Akachimba. Hakuna kitu. Akasogea hatua mbili, ikalia. "Hapa!" Akachimba. Akasogea nyuma, ikalia nyuma. Kwa muda mfupi akawa amezungukwa na vishimo pande zote, yeye katikati na sururu.

"Inatembea," akasema. "Shemeji, pete inatembea chini kwa chini."

Mlio unaokufuata ulipo hauko ardhini, uko mwilini. Nikamwamuru asimame wima, mikono juu, jambo lililotaka ujasiri kwa mtu asiye na mkanda. Suruali ikashuka mpaka magotini. Nikachukua detekta, nikaipitisha koili ardhini, umbali wa mkono kutoka kwake: kimya. Nikaipandisha kandokando ya mguu wa kulia: kimya. Wa kushoto: ikapasua hedifoni. Nikafunua pindo la suruali. Humo mlikuwa na changarawe, mbegu za miiba, na pete.

Gunia tulilipitisha lote upya, kijiko kwa kijiko, bila pete na bila glavu. Udongo wake wote ulikuwa bubu isipokuwa kijiko kimoja. Tukakigawa mpaka mwisho, tukapuliza vumbi, ikabaki kitufe cha kijivu, kilaini, kilichoingia kucha. Risasi ya kuwindia ndege. Risasi na dhahabu huitikia mashine kwa namna inayokaribiana mno, huwezi kuzitofautisha kwa sikio. Cha kufanya ni kukitoa tu, na kuendelea palepale: risasi ni nzito pia, na ufa unaokamata risasi unaweza kukamata dhahabu. Tukafukia mashimo, tukarudi garini kwa sababu maji yalikuwa yamefika nusu, na maji yakifika nusu unarudi, hata kama mashine inaimba.

Shemeji alipowasha simu, ikaita palepale. Akaweka spika kwa bahati mbaya.

"Mmepata?" dada akauliza.

"Tumepata."

"Kiasi gani?"

"Gramu nne hivi. Karati 18."

"Dhahabu ya porini mnajuaje karati mkiwa hukohuko?"

"Imegongwa muhuri."

Kimya.

"Ina umbo gani?"

"Ya mviringo."

"Mviringo vipi?"

Shemeji akanitazama. Nikatazama milima.

"Ina tundu katikati," akasema.

"Nipe kaka."

Nilikuwa nimeshavaa hedifoni na kuinamia koili, nimekunja uso, nasikiliza kwa makini sana. Betri zilikuwa mfukoni mwangu.