Uhusiano na Marehemu

Shangazi yangu aliishi na mzee wake Kiboriloni miaka 19 bila cheti cha ndoa. Wamefuga pamoja, wamejenga vyumba vitatu pamoja. Mzee alipofariki, mdogo wake marehemu ndiye aliyejaza fomu mochwari. Shangazi alisimama kando na shuka jipya mkononi. Penye uhusiano na marehemu akaandikiwa "jirani".

Neno hilo hunirudia kila nikisikia watu wakibishana Moshi hapa kuhusu ndoa za jinsia moja. Wengi huanza na dini. Nami ni mtu wa kanisani, siibezi. Ila kesi iliyobadili sheria Marekani ilihusu karatasi kama ile. Jim Obergefell na John Arthur waliishi Ohio, ambako hawakuruhusiwa kuoana. Arthur alikuwa mahututi, hawezi hata kutembea. Julai 2013 wakakodi ndege ya wagonjwa hadi Maryland, wakafungishwa ndoa humo humo ndegeni, wakarudi kwao. Obergefell alichodai ni cheti cha kifo kimtaje kuwa mume wa marehemu. Arthur alifariki Oktoba. Tarehe 26 Juni 2015 Mahakama ya Juu ikampa ushindi, majaji 5 kwa 4: sheria iwalinde wote sawa.

Kwetu, Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka mwanamume na mwanamke, na Kanuni ya Adhabu inatishia kifungo kisichopungua miaka 30 kwa ngono ya kinyume cha maumbile. Lakini ibara ya 13 ya Katiba inasema watu wote ni sawa mbele ya sheria. Wote. Siwezi kulisoma neno hilo nikamtoa mtu ndani yake. Afrika Kusini waliruhusu ndoa hizo mwaka 2006, na hakuna kanisa lililolazimishwa kuzifungisha.

Tena sheria yetu hiyo hiyo ina kifungu cha 160: mwanamume na mwanamke wakiishi miaka miwili na watu wakiwajua kama mke na mume, huchukuliwa kuwa wameoana. Hicho ndicho kilichomwokoa shangazi. Majirani walikwenda kutoa ushahidi, akabaki na vyumba vyake. Mahakama iliangalia walivyoishi.

Juzi nilimsimulia habari ya Obergefell. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Jina lake waliliandika?"

"Waliliandika, shangazi."

"Basi alipata pa kukaa msibani."