Joto linachagua

Juzi kwenye kundi la WhatsApp la mtaa wetu mtu aliandika: "Joto halina tajiri wala maskini, sote tunaungua." Wakati huo nilikuwa kwenye benchi ya zahanati nampepea shangazi yangu kwa kipande cha boksi. Maneno yale yalinichoma.

Shangazi ana miaka 68, anaishi Muyeye, hapa Malindi, chumba kimoja cha mabati kisicho na dari. Mwezi huu wa tatu kaskazi imelegea, masika hayajaingia, hata jani halitikisiki. Saa nane mchana nilimkuta ameketi sakafuni. Nikamwamkia, "Shikamoo shangazi," akaniitikia kwa jina la marehemu baba yangu. Nilipomgusa, ngozi ilikuwa ya moto kabisa. Nikammwagia maji ya mtungi wa lita 20, yale aliyoyanunua ya kupikia.

Tabibu alimwambia anywe maji mengi na akae mahali pa baridi. Ushauri sahihi, lakini mahali pa baridi ni wapi? Ukishuka kuelekea baharini utaona majumba yenye mapaa marefu ya makuti, upepo unaingia huku unatokea kule. Makuti! Babu zetu wote walilala chini yake. Ila huchakaa baada ya miaka michache, na anayeishi kwa kibarua hawezi kuezeka upya kila mara, ndipo akahamia mabati. Sawa, makuti hushika moto upesi, na bati halivuji. Lakini mchana bati linageuka kaango, na aliye chini yake ni mzee wa watu.

Mwili hujipoza jasho linapokauka. Hewa yetu ya pwani imejaa unyevu, kwa hiyo jasho linatiririka tu. Joto la ndani ya mwili likipita nyuzi 40, akili huvurugika, na figo zinaweza kuharibika. Vile vidonge vyake vya presha vya kukojosha navyo vinamkausha zaidi. Usiku ndio mwili ungepumua, lakini shangazi hafungui dirisha. Mwaka jana mwizi alipitisha mkono akamchukulia simu.

Na hayo si ya Muyeye peke yake. Julai 1995, joto liliua watu zaidi ya 700 mjini Chicago kwa siku chache tu. Wengi walikuwa wazee, maskini, wanaoishi peke yao, na wapo waliofunga madirisha kwa kuogopa wezi, kama shangazi. Nchi tajiri kama Marekani, na bado joto lilijua mlango wa kubisha.

Wanaokusanya chumvi kule Gongoni sijawagusa hata. Wao wakipumzika kivulini, hela ya siku inapungua.

Ninachodai ni hiki: zahanati inayompa mzee vidonge vya presha imuulize pia analala chini ya paa gani, na kaunti ihesabu dari kuwa sehemu ya matibabu.

Jumamosi mimi na binamu zangu wawili tunapanda kupaka yale mabati chokaa, kisha tuwambe majamvi chini yake yawe dari. Shangazi ameshauliza kama chokaa itaharibu maji ya mvua anayokinga.