Mcheke Basi na Mjerumani

Jumapili kikundi chetu cha akiba hapa Busia, Uganda, kilipata wageni wa shirika fulani, na kwa heshima yao katibu akaamuru mkutano uende kwa Kiingereza. Watu wanaouziana mukene (dagaa) na mihogo kwa Kiswahili wiki nzima, wanaogombana na kupatana kwa Kiswahili, sasa waombe mkopo kwa Kiingereza! Mama mmoja akasimama: "I request the group to borrow me three hundred thousand." Katibu akatabasamu. "Madam, the group cannot borrow you. You are not a hoe." Yaani, yeye si jembe la kuazimwa. Watu wakaangua kicheko, mama akaketi. Ombi lake halikujadiliwa tena, na sanduku likafungwa kufuli zake zote tatu.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba kwa sarufi katibu yuko sahihi. "Borrow" ni la anayepokea, "lend" ni la anayetoa. Mimi naborrow kitu kutoka kwako, na hapo kuna "from", wewe unanilend. Ikiwa ni jana, sema "lent". Hiyo "lended" tuiache. "Loan" kama kitenzi Wamarekani wanaitumia bila wasiwasi, ila walimu wetu waliolelewa na Kiingereza cha Uingereza huikunjia uso. Basi, kanuni yote ni hiyo, haijazi hata nusu ukurasa.

Ajabu ni kwamba tumekaa madarasani miaka na miaka tukiambiwa "usiseme borrow me, sema lend me", mara nyingine kwa kiboko, na hakuna mwalimu aliyejisumbua kueleza kwa nini ulimi wetu unakimbilia huko. Mbona ni wazi? Kwa Kiganda kukopesha ni okuwola, kukopa ni okwewola. Shina ni moja. Ukiongeza ka-e kadogo ka kujirejea, pesa zinageuza njia. Vitu navyo vina okwazika na okweyazika, mchezo ule ule. Airtel walipouita mkopo wao wa simu Wewole, hata bibi asiyejua kusoma alielewa nani anapewa na nani atadaiwa. Kiswahili nacho kina kopa na kopesha, shina moja tena. Azima ndiyo haijali kabisa: "niazime jembe", "nimeazima jembe kwa jirani", neno ni lile lile na hakuna jembe lililopotea kwa sababu ya sarufi.

Sasa mtu mwenye akili hiyo anakutana na Kiingereza. Anapewa "borrow", anaambiwa maana yake ni kukopa. Anatafuta namna ya kuigeuza ielekee upande wa pili, kama lugha zake zote zinavyomruhusu, anaongeza "me", na kazi imekwisha. Hapo ujinga uko wapi? Amefuata mantiki hadi mwisho. Kiingereza ndicho kilichoamua kuweka vitenzi viwili visivyofanana hata herufi ya kwanza. Mjerumani ana "leihen", anaitumia kwa kutoa na kwa kupokea. Huko Minnesota na Wisconsin, Marekani, wapo wazungu waliozaliwa na Kiingereza kinywani wanaosema "borrow me". Katibu wetu apande ndege akawacheke.

(Na wale walimu wa hesabu waliotufundisha "kuborrow" kumi kutoka kwa jirani wakati wa kutoa, lini tuliirudisha?)

Haya, kwa shingo upande nakubali: kwenye karatasi ya mkopo neno hili lina meno. Ukiweka dole gumba mahali palipoandikwa "lender" badala ya "borrower", utajieleza mbele ya LC, baraza la kijiji, hadi jua lizame. Kwa hiyo lifundishwe, tena lifundishwe vizuri.

Na nafasi ya kulifundisha vizuri tunayo. Tangu mtaala wa 2007, P1 hadi P3, yaani darasa la kwanza hadi la tatu, watoto wanapaswa kufundishwa kwa lugha ya kwao, halafu P4 wahamie Kiingereza. Hapo ndipo mwalimu angeandika okuwola na okwewola ubaoni, "lend" na "borrow" chini yake, na kipindi kimoja kingetosha. Lakini shule nyingi za mjini zinaanza Kiingereza chekechea, na lugha ya nyumbani ikisikika uwanjani mtoto anavishwa kibao shingoni. Mtoto huyo akifika PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, atajua kuandika upya "Musa lent me a pen" ianze na "I borrowed", apate alama yake, na bado hajui kwamba jambo hilo alilielewa kabla hajaota meno ya utu uzima.

Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri lilipendekeza Kiswahili kiwe somo la lazima msingi na sekondari. Nilishangilia. Sasa naona watu wa aina ya katibu wetu nao wakiandaa chaki. Kitakachofuata ni mtoto wa Arua au Mbarara kusema "nikope kalamu" na darasa zima kuambiwa limcheke, na safari hii tutakuwa tunamchekea kwa lugha tuliyosema ni yetu sote.