Kuchaji simu kwa mbali: inawezekana, ila nani atalipia luku?

Kwenye kibanda cha kuchaji simu karibu na mwalo wa Kirumba, hapa Mwanza, simu hupangwa kama dagaa kwenye chanja. Kila moja imebandikwa kipande cha karatasi chenye namba, na waya zimesukana kiasi kwamba mwenye kibanda akitaka kuchomoa moja huifuata kwa kidole kuanzia kwenye ekstensheni. Juzi kijana aliyekuja kuchukua simu namba 14 alituonyesha kupitia simu ya mwenzake video ya kampuni ya Xiaomi, ile ya Januari 2021. Mtu anazunguka sebuleni, simu iko mkononi, inajaa chaji bila waya wowote kwa kulishwa na mtambo uliosimama pembeni. "Mzee, jiandae kufunga biashara," akasema. Mzee akacheka, akauliza: "Hilo dude lenyewe linakula umeme kiasi gani?"

Kijana hakuwa na jibu. Ila hakuwa anaota, na hilo tumpe haki yake. Kupitisha umeme bila waya si habari mpya. Mwanasayansi Faraday alionyesha mwaka 1831 kwamba sumaku inayobadilikabadilika huzalisha umeme kwenye koili, yaani waya uliozungushwa, iliyo jirani. Mwaka 1901 mvumbuzi Nikola Tesla alianza kujenga mnara kule Long Island, Marekani, akitumaini kurusha umeme duniani kote. Fedha zikakatika, na mnara ukabomolewa mwaka 1917. Mwaka 1975, katika jangwa la California, wahandisi walirusha zaidi ya kilowati 30 kwa mawimbi ya maikrowevu hadi umbali wa kilomita moja na nusu. Na mwaka 2007 watafiti wa MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani, waliwasha balbu ya wati 60 kutoka mita 2, ingawa koili zao zilikuwa na upana wa sentimita 60 kila moja na zaidi ya nusu ya umeme ilipotea njiani. Koili ya namna hiyo huitii mfukoni.

Shida ni kwamba mawimbi husambaa. Usiku wa giza, wavuvi wa dagaa wakiwa kazini, ukisimama ufukweni unaona taa zao mbali ziwani. Mwanga umekufikia, hakuna ubishi. Jaribu sasa kusomea gazeti kwa mwanga huo.

Tupige hesabu. Chukua kifaa kinachorusha wati 4 pande zote, na simu iko mita 3. Kufikia hapo, zile wati 4 zimetandazwa kwenye uso wa tufe kubwa, kama mpira, wenye eneo la mita za mraba 113, na simu yako inakinga kipande kidogo mno, kama mita ya mraba 0.012. Inachopata hakifiki nusu ya miliwati. Betri ya 5,000 mAh inabeba takriban wati-saa 19. Kwa mwendo huo itajaa baada ya miaka mitano, na hapo nimejifanya sioni kwamba simu iliyowashwa, hata bila kuguswa, inakula kuliko hicho inachopewa. Yaani haijai kabisa.

Watetezi watasema siku hizi hawarushi ovyo. Mtambo wa Xiaomi ulitangazwa kuwa na antena 144 zinazoelekeza mawimbi kwenye simu moja na kuipa wati 5 kwa umbali wa mita kadhaa. Hoja nzuri, ila inazaa nyingine. Ili simu yenye eneo hilo ipokee wati 5, mawimbi yanayoipiga lazima yazidi wati 400 kwa kila mita ya mraba. Kiwango cha kimataifa cha usalama kwa mwili mzima wa raia wa kawaida, kwa mawimbi ya aina hiyo, ni wati 10 kwa mita ya mraba. Ukikiheshimu, simu inaambulia wati 0.12, na kuijaza ni kazi ya karibu wiki nzima. Wanajibu kwamba mtambo unaweza kuhisi mtu akikatiza na kujizima. Sawa, lakini simu kazi yake ni kukaa na mtu! Iko mkononi, mfukoni, sikioni. Na pale mwaloni, wabeba mizigo wakipishana na magunia ya dagaa tangu alfajiri, mtambo huo ungeshinda umezimwa.

Turudi kwa mzee. Uniti moja ya umeme, pamoja na kinachopotea kwenye chaja, inaweza kujaza simu kama 40. Tuseme mtambo wa kurusha unafikisha asilimia 10 ya umeme wake kwenye simu: uniti ile ile inajaza simu nne au tano tu. Hakuna mwenye kibanda atakayekubali, labda mteja alipe bei ya kilo ya sangara.

Ila sitaki niitupe teknolojia yote ziwani. Kwa vitu vinavyokula umeme kidogo, inafanya kazi: mwaka 2022 Samsung walionyesha rimoti ya televisheni inayookota nguvu kutoka kwenye mawimbi ya ruta ya nyumbani. Kipima joto ndani ya kontena la minofu ya samaki kingefaidika vilevile. Na kuchaji bila waya kwa karibu, simu ikilazwa juu ya sahani yake, mimi naunga mkono kwa mikono miwili. Muulize fundi simu yeyote wa ufukweni kinachompa riziki: ni tundu la chaji. Linaingia maji, mchanga, magamba, na yeye anashinda na mswaki na spiriti akilisugua. Simu isiyotegemea tundu ingedumu kwa mvuvi. Qi2, kiwango cha kuchaji bila waya cha mwaka 2023, kinafikisha wati 15 kwa njia hiyo. Umbali wenyewe ni milimita chache, lakini mvuvi hakuomba mita.

Na aliyetaka umbali anao tayari. Jua la mchana hapa kwetu hushusha kama wati 1,000 kwa mita ya mraba, kutoka kilomita milioni 150. Paneli yenye ukubwa wa simu tu inatoa wati 2 na zaidi. Mitumbwi mingi iliyokuwa ikienda na karabai sasa inavulia taa za sola, na huko visiwani watu wanachajia simu hapo hapo.

Kijana alipochukua namba 14 akakuta imefika asilimia 38. Waya ulikuwa umelegea. Mzee akauchomeka upya, akaukandamiza kwa kiberiti usicheze. Kijana akavuta kreti tupu ya soda, akakaa kusubiri.